Chuo Mpaka Kazini: Maswali Mnayoniuliza Kila Mwaka na Majibu Yangu

Kila mwaka msimu wa fildi, yale mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi maofisini, ukikaribia simu yangu inajaa meseji za wadogo zangu wa chuo, wengine nawajua, wengine wamepewa namba na mtu aliyepewa na mtu. Mimi ni mhasibu, chuo nimemalizia hapa hapa Dar, na ofisini kwetu ndo mimi napokea wanafunzi wa fildi kwenye kitengo chetu alafu pia huwa nakaa kwenye meza ya usaili, kwaiyo nimeona pande zote mbili. Nimekusanya maswali yanayojirudia nikayajibu hapa kwa urefu, ili ukiuliza nikutumie hii tuanzie hapo.

Dada shikamoo, mi ndo nimeingia mwaka wa kwanza, si mapema sana kuanza kuwaza kazi?

Marahaba mdogo wangu. Sio mapema, ila pia sikwambii uanze kutuma maombi ya kazi mwaka wa kwanza. Kazi yako mwaka wa kwanza ni mbili tu. Ya kwanza usianze na sapu, yaani mtihani wa marudio wa somo ulilofeli, maana ukibeba sapu mwezi wa tisa wenzako wako fildi wewe uko na madesa (notsi za kukariri), na ukibeba kere, yaani somo ulilofeli ukalihamishia mwaka unaofuata, inakufuata mpaka mwaka wa mwisho. Ya pili ni kuijua kozi yako inaishia wapi. Namaanisha chukua kozi yako, tafuta watu watatu walioisoma wakamaliza, waulize asubuhi wakifika kazini wanafanya nini mpaka jioni. Usiwaulize mshahara, waulize siku yao inaendaje. Mi nilisoma uhasibu mwaka mzima nikijua mhasibu anahesabu hela benki, kumbe anaehesabu hela pale dirishani ni tela na hiyo ni kazi nyingine kabisa, nilikuja kuelewa mwaka wa pili nikiwa fildi.

GPA ina umuhimu kweli au ni maneno tu? Naona watu wana GPA ndogo na wana kazi nzuri.

Ina umuhimu, na umuhimu wake unategemea unaelekea wapi. GPA, yaani wastani wa alama zako zote, kwa mfumo wetu inaenda mpaka 5.0, festi klasi inaanzia 4.4, apa sekondi 3.5, loa sekondi 2.7, pasi 2.0. Sasa ukitaka kubaki chuo ufundishe, uanze kama tutorial assistant, matangazo yanataka 3.8 na kuendelea, hapo hakuna cha kuongea vizuri wala nini, 3.7 inakuweka nje. Matangazo mengi ya mabenki na makampuni ya ukaguzi yanayochukua wahitimu fresh nayo yanaandika apa sekondi. Huko serikalini ni tofauti, tangazo mara nyingi linataka shahada ya fani fulani basi, alafu mnakutana kwenye mtihani wa mchujo wote mnaanza sifuri, mwenye 4.5 na mwenye 2.8 karatasi ni ile ile.

Kwaiyo ushauri wangu lenga 3.5 kama mstari wako wa chini. Ukishakua juu ya hapo usijiue kwa ajili ya pointi mbili wakati huna hata mtu mmoja nje ya darasa anaejua unaweza kufanya nini. Na kumbuka mwaka wa kwanza unahesabika, watu wanacheza mwaka wa kwanza wakidhani watafidia, alafu mwaka wa tatu wanapiga hesabu wanakuta hata wakipata A zote hawafiki.

Kozi ninayosoma sikuichagua, ndo nilipata nafasi. Nihame au nivumilie?

Kama bado uko wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza nenda ofisi ya udahili leo leo, kuna dirisha la kuhama kozi na linafungwa haraka, na lazima uwe na sifa za ile kozi unayoitaka na kuwe na nafasi. Na uulize kabisa habari ya mkopo wako kabla hujasaini kitu.

Kama dirisha limeshapita na uko mwaka wa pili, mi nakushauri maliza. Nimefanya kazi na dada mmoja hodari sana kwenye kitengo cha manunuzi, yeye alisoma sosholojia. Kilichomfikisha pale ni kwamba likizo zake zote alikua anasaidia kwenye stoo ya kampuni moja, akaanza kupewa kuandika oda, akapenda, akaingia kwenye mitihani ya bodi ya manunuzi PSPTB. Degree yake ilimfungulia mlango kwamba ana degree, mengine alijitafutia. Ila kuna kozi hazina njia ya pembeni, huwezi kua daktari kwa kujitolea hospitali, huwezi kua wakili bila LLB, ile degree ya sheria, huko kama ndo moyo wako uko itabidi urudi darasani, ujue hivyo mapema.

Fildi napataje? Nimepeleka barua ofisi kumi hakuna aliyenijibu.

Hapa nitaongea sana coz hapa ndo penye jambo lenyewe.

Kwanza muda. Wengi mnachukua barua ya utambulisho chuoni mwezi wa sita wakati fildi inaanza mwezi wa saba au wa nane. Ofisi yenye jina inapokea barua kuanzia mwezi wa pili, wa tatu, na mwezi wa tano imeshajaza nafasi zote. Kwaiyo barua yako ya mwezi wa sita inasomwa, inawekwa kwenye faili, basi. Anza kupeleka semista ya pili ikianza tu, na kama chuo hakijatoa barua rasmi andika ya kwako, useme unasoma nini, mwaka wa ngapi, tarehe za fildi kwa mujibu wa almanaka ya chuo, na unataka kitengo gani.

Pili, hilo la kitengo. Barua nyingi ninazopokea zimeandikwa "naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako" na zinaishia hapo. Mtu wa masijala hajui pa kuipeleka. Andika kitengo. Na kama umejua jina la cheo cha mkuu wa kitengo hicho andika, kwa kupitia kwake.

Tatu, msing'ang'anie majengo marefu ya Posta tu. Wanafunzi wote wa Dar wanataka benki kuu, bandari, mamlaka ya mapato, makampuni ya simu. Sasa mwenzenu mmoja alienda kufanya fildi halmashauri ya wilaya kwao huko mkoani, kitengo cha hazina kilikua na watu watatu na kazi ya watu kumi, wiki ya pili alishakua anaandaa malipo, anasaidia usuluhishi wa benki, anakaa na wakaguzi wakija. Aliporudi chuo alikua anajua vitu ambavyo sisi tuliokaa kwenye kiyoyozi hatukuvijua. Tena kwao alikua analala bure na kula bure.

Nne, ukishapeleka barua rudi. Baada ya wiki mbili nenda mwenyewe uulizie, salimia vizuri, uliza imefika kwa nani. Sio kusumbua. Kuna barua nyingi tu zimepata jibu kwa sababu mwenyewe alikuja kuulizia na mtu akakumbuka kuitafuta kwenye rundo.

Nimepata fildi lakini natumwa fotokopi na kununua vocha, siku zinaisha, nifanyeje?

Pole, hiyo imenipata mimi. Fildi yangu ya kwanza, ofisi siitaji, wiki tano nzima nilikua napiga fotokopi na kupanga mafaili, supavaiza hata jina langu hakulijua, alikua ananiita "mwanafunzi". Wiki nane zote za fildi nilikua naona zinapotea, nikirudi hosteli nalia. Wiki ya sita ndo nikaona jambo moja, yale mafaili ninayopanga ni vocha za malipo, na zina namba, na kuna namba zimeruka. Nikaanza kuandika kwenye daftari namba zinazokosekana. Nikampelekea mama mmoja mtu mzima wa pale, sio supavaiza, nikamwambia mama samahani, nimeona hizi hazipo. Akanitazama, akaniambia kaa hapa. Kuanzia siku ile nikawa nakaa na yule mama. Na ndo yeye miaka miwili baadae alinipigia simu kuniambia kuna kampuni inatafuta mtu wa kuanzia, peleka vyeti kesho.

Kwaiyo ukipewa fotokopi soma unachofotokopi. Omba jambo moja dogo ambalo mtu anachoka kulifanya, kuna mtu kila ofisi ana kazi ya kuchosha ya kuingiza data, mwambie dada naomba nikusaidie hii nijifunze. Logibuku jaza kila siku jioni, usisubiri wiki ya mwisho ukaanza kutunga, supavaiza wa chuo akija anajua. Na siku ya kuondoka usipotee kimya kimya, zunguka kila meza useme asante, chukua namba ya angalau watu wawili.

Dada mimi sina konekisheni, baba mkulima, mama anauza mboga, hizi kazi si wanapeana?

Nimelisikia hili kuliko swali lolote na sitakudanganya kwamba kupeana hakupo, kupo, mtu anamuweka mpwa wake na unaona kabisa. Inauma.

Lakini sikiliza nikwambie ninachokiona nikiwa upande wa pili wa meza. Nafasi ikitokea ghafla, mtu amejifungua, mwingine ameacha kazi, bosi haanzi na tangazo, anageuka anauliza jamani kuna mtu mnamjua? Hapo watu wanataja majina. Na jina linalotajwa mara nyingi ni la yule kijana wa fildi wa mwaka juzi aliyekua anawahi, aliyekua akikosea anasema, aliyemalizia ile kazi ya stoo. Baba yake hakuna anaemjua. Wanamtaja kwa sababu wamemuona kwa macho akifanya kazi, na mtu akipendekeza jina anaweka heshima yake rehani, hawezi kumtaja asiyemjua mkono wake.

Hiyo ndo konekisheni ambayo mtoto wa muuza mboga anaweza kuijenga ndani ya miaka mitatu, na kwangu mimi ndo hesabu yote ya maisha ya chuo kama unawaza kazi. Ukimaliza chuo uwe na watu watano, wasizidi, watano tu, waliokuona ukifanya kitu mpaka mwisho. Supavaiza wa fildi mmoja au wawili. Lekcha mmoja uliyemsaidia kukusanya data za utafiti wake. Mtu wa kanisani au msikitini uliyemuwekea sawa hesabu za ujenzi. Mwenye duka mtaani kwenu uliyemfungulia daftari la mauzo likakaa vizuri. Mtu asikufanye uwadharau hao watu wadogo, mwenye duka ana kaka yake, kaka yake ana kiwanda Kibaha.

Na usiwatafute siku ukiwa na shida tu. Eid mtumie salamu, Krismasi mtumie salamu, ukimaliza mwaka mwambie nimemaliza mwaka wa pili salama. Meseji moja, haikugharimu kitu.

Bumu lenyewe, ile hela ya kujikimu ya mkopo, halitoshi kula, hela ya kozi za pembeni naitoa wapi?

Vingi vya maana havina bei. Excel unaweza kuijua vizuri sana kwa YouTube na kompyuta ya maktaba. Sio lazima laptopu mpya. Ila kama bumu likiingia kuna sehemu inaenda kubeti, hapo hatuna cha kuzungumza mpaka uache.

Sasa nijifunze nini nje ya darasa?

Excel, kozi yoyote unayosoma. Sichoki kulisema. Mtu anakuja usaili ameandika anajua kompyuta, ukimpa karatasi ya mauzo ya mwezi umwambie nipe jumla ya kila tawi, anatoa kalkuleta kwenye simu. Ukijua pivot table na VLOOKUP peke yake umeshawaacha wengi nyuma, na mtu wa sosholojia, wa kilimo, wa afya, wote wanakutana nayo.

Kingine ni kuandika. Barua pepe ya mistari mitano yenye salamu, jambo, na ombi, bila kuchanganya changanya, kwa Kiswahili sanifu na kwa Kiingereza. Hilo la Kiingereza najua wengi mnaliogopa kuongea, hata mimi niliogopa, nilianza kwa kusoma gazeti la Kiingereza kwa sauti chumbani kila asubuhi, rumeti wangu akanizoea, baada ya mwaka ulimi ukafunguka.

Na uongozi. Sio lazima ugombee urais wa serikali ya wanafunzi. Kua CR, mwakilishi wa darasa, kua mweka hazina wa klabu ya kozi yenu. Mweka hazina aliyeshika laki nane ya wanafunzi sitini na mwisho wa mwaka akatoa hesabu iliyonyooka, huyo mimi ningemuajiri.

Degree inatosha au kuna mitihani mingine mbele?

Inategemea fani na hili ulijue mwaka wa pili, usije ukaambiwa siku ya mahafali. Sisi wahasibu tuna CPA, cheti cha taaluma cha bodi yetu ya wahasibu NBAA, mitihani ni mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tano na wa kumi na moja, na ukiwa na degree ya uhasibu unasamehewa masomo ya ngazi ya msingi unaanzia ngazi ya kati. Mi nakushauri jisajili mapema tu baada ya kumaliza wakati kichwa bado kina moto wa kusoma, ukishaanza kazi na familia inakua mlima kweli kweli, nina wenzangu wanaifukuzia mpaka leo.

Wahandisi mna bodi yenu ERB, unajisajili kama mhandisi mhitimu alafu kuna ule mpango wa SEAP wa miaka 3 ya mafunzo ya vitendo chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ndipo uitwe mhandisi kamili. Madaktari mnajua wenyewe, mwaka mzima wa intaniship kabla ya leseni. Wa sheria, ukimaliza LLB bado sio wakili, kuna Law School, shule ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo hapo Dar, na sio mahali pa kwenda na madesa. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka iliposikika kwamba wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndo walifaulu moja kwa moja, mpaka serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze. Sikutishi, ila kama uko LLB mwaka wa kwanza na unasoma kwa kukariri ujue kuna mtihani unakusubiri ambao haukaririki.

Fani ambazo hazina bodi usijione umeachwa, ina maana tu kwamba kazi zako za mikono ndo cheti chako, tunza kila ulichokifanya, ripoti, mchoro, code ya programu uliyoandika, video, chochote.

Ajira Portal, ule mfumo wa kuomba kazi za serikali mtandaoni, naambiwa nisubiri nimalize, au nianze sasa?

Kuomba utaomba ukishapata cheti, ila makaratasi anza sasa, na hili nalisema kwa uchungu. Nina rafiki yangu aliitwa usaili, akafaulu mchujo, siku ya mahojiano wakakuta cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na cha kuzaliwa kina matatu na la kati limeandikwa tofauti, na hakua na deed poll, ile hati ya kisheria ya kuweka sawa majina. Akarudi nyumbani. Mtu amesafiri kutoka Kagera mpaka Dodoma kwa nauli ya kukopa.

Kwaiyo likizo hii, sio ijayo, toa vyeti vyote uvitandaze kitandani. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita au diploma, namba ya NIDA. Soma jina herufi kwa herufi. Likitofautiana shughulikia sasa, usajili wa deed poll ni mambo ya siku na wiki, wakati tangazo la kazi likitoka una siku kumi na nne tu. Na wengi vyeti vyenu vya form four na form six bado viko shuleni, hamjaenda kuvichukua, mnatembea na karatasi za matokeo, zile risalti slipu. Portal haizikubali, na testimonial na provisional nazo hazikubaliwi, wanaandika hivyo kila tangazo. Kama umesoma nje ya nchi ngazi yoyote cheti lazima kihakikiwe, sekondari NECTA, chuo TCU au NACTVET.

Kuhusu usaili wenyewe, kuna mchujo wa kuandika, kada nyingine kuna vitendo, alafu mahojiano. Hata walimu siku hizi wanafanya usaili. Ukifaulu na nafasi zikajaa jina lako linawekwa kanzidata, unaweza kupangiwa kazi nafasi ikitokea, kwaiyo usibadilishe namba ya simu hovyo. Na hakuna hela ya kulipa. Anaekuomba elfu hamsini akuingizie jina ni tapeli, hata kama anajua jina lako lote na kozi yako.

CV ya mtu ambae hajawahi kufanya kazi inaandikwaje?

Kurasa mbili zinatosha. Toa hayo mambo ya dini, kabila, urefu, na sentensi ya juu inayosema wewe ni mchapakazi unaeweza kufanya kazi chini ya presha, kila mtu anaiandika hiyo na hakuna anaeisoma. Badala yake fildi yako iandike kwa vitendo. Usiandike "nilifanya fildi idara ya fedha". Andika ulisuluhisha taarifa za benki za miezi mitatu, uliingiza vocha ngapi kwenye mfumo gani. Kuuza duka la mama andika, kama ulikua unashika hesabu. Kufundisha tuisheni andika. Na wadhamini wako watatu wawe watu wanaokujua kweli na uwaambie kwamba umewaandika, nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza "nani huyo?" na mwombaji alikua mzuri tu.

Nikijiajiri je? Kila semina wanatuambia tujiajiri.

Kama una kitu unauza na watu wananunua, anza ukiwa chuo, wakati ukianguka bado una kitanda hosteli. Nimeona mtu ameanza kwa kusafisha viatu vya wenzake, mwingine alikua anachapa na kudizaini kazi za wanafunzi. Ila mi sikubaliani na kumwambia kila mhitimu akajiajiri kana kwamba mtaji unaokotwa, watu wengi wanahitaji miaka miwili mitatu ya kazi ya mtu ili waijue biashara ile na wawajue wateja. Ipo mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na ni ya vikundi, sasa kikundi ukikianza na watu unaowaamini chuoni unakua umetangulia. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo unaanza kukatwa lini, na utabaki na nini?

Ukishaajiriwa mwajiri anatakiwa kukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ebu tupige hesabu pamoja ili siku ya ofa ya kazi usije ukaahidi kodi ya nyumba usiyoiweza. Tuseme sekta binafsi, mshahara wa msingi 800,000. NSSF asilimia 10 ni 80,000. Kodi ya mshahara inapigwa kwenye 720,000 iliyobaki, kwa viwango ninavyovitumia mimi inakuja 60,000. Bodi asilimia 15 ni 120,000. Unabaki na 540,000. Humo kuna nauli ya kutoka Mbagala, kodi, chakula, na mdogo wako nyumbani anaetaka ada. Jambo zuri ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokua inavimbisha deni iliondolewa 2021, kwaiyo ukilipa unaona deni linashuka.

Kwaiyo usikubali ofa kwa kuangalia namba ya juu, iulize ya chini.

Niunganishe masters moja kwa moja?

Kama unataka kufundisha chuo, ndio. Kama sivyo, fanya kazi kwanza. Skolashipu nyingine zenyewe zinataka hivyo, Chevening ya Uingereza kwa mfano inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2 au zaidi. Na nimeshaona mtu ana masters na hana siku moja ya kazi, mwajiri anamuogopa, anaona atataka hela nyingi na hajui kitu.

Wazazi wanataka nisubiri ajira ya serikali tu, wanasema private sio kazi.

Wazee wetu wameona mtu wa serikali akistaafu na kiinua mgongo, na wa kampuni akirudishwa nyumbani Ijumaa bila kosa, wana sababu zao, usiwabishie kwa ukali. Waambie baba, mama, naomba serikalini na wakati huo huo nafanya hii. Hakuna sheria inayokukataza kusubiri ukiwa kazini. Aliyekaa nyumbani miaka mitatu akisubiri anaenda kwenye usaili akiwa amesahau hata alichosoma.

Dada mi nimeshamaliza mwaka jana, miaka yote nilikua darasani na hosteli tu, sina hao watu watano. Nimechelewa?

Umechelewa kidogo, hujachelewa kabisa. Kuna Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, wana mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, jisajili kwenye mfumo wao. Wakati unasubiri, vaa vizuri Jumatatu asubuhi nenda pale ulipofanyia fildi mwaka wa pili. Hata kama ulikua kimya pale, kuna mtu atakukumbuka sura. Usiseme natafuta kazi. Sema nimemaliza, nimekuja kuwasalimia, na kama kuna kazi imerundikana niko tayari kuja kusaidia siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, nauli tu mkiweza. Miezi mitatu, usizidishe, kuna ofisi zinakaa na mtu wa kujitolea miaka miwili bila chochote na hiyo ni kumuonea. Mwezi wa tatu ukiisha omba barua yenye mhuri inayosema ulifanya nini, alafu nitumie CV yako na hiyo barua niisome.